Kiki, Stata na Betri: Historia ya Kuwasha Pikipiki katika Ukanda wa Shinyanga na Geita

Utangulizi

Historia ya usafiri nchini Tanzania imeandikwa zaidi kwa kufuata reli, barabara na leseni. Vyombo vyenyewe hutajwa kwa idadi, na ni nadra kuulizwa swali dogo ambalo dereva hulikabili kila asubuhi: chombo hiki kinawashwaje? Makala haya yanalichukua swali hilo na kulifuatilia kwa pikipiki za Shinyanga na za ukanda wa machimbo ya dhahabu wa Kahama na Geita. Njia zinazohusika ni mbili. Ya kwanza ni kiki, yaani mkono wa chuma ulio ubavuni mwa injini, ambao dereva huukanyaga kwa nguvu ili injini izunguke. Ya pili ni stata, mota ndogo inayoizungusha injini kwa umeme wa betri dereva anapobonyeza kitufe kwa kidole gumba. Ipo pia njia ya tatu isiyokuwa na kifaa chake, nayo ni kusukuma.

Imezoeleka kudhani kwamba stata ni hatua iliyo mbele ya kiki, na kwamba pale kiki inapoendelea kutumika umebaki ukale au umaskini. Hali ya ukanda huu hailingani na dhana hiyo. Makala yanajenga hoja kwamba jambo lililoamua namna ya kuwasha pikipiki Usukumani na Geita ni betri: inachajiwa wapi, inatumikia kazi ya aina gani, na inalipiwa na nani. Kwa hiyo historia ya kiki na stata inatufikisha kwenye suala la umiliki wa chombo, na humo ndimo yalimo maslahi ya watu. Mtazamo huu unaafikiana na Edgerton (2006), anayetaka historia ya teknolojia ifuate matumizi kuliko tarehe za uvumbuzi. Unanufaika pia na Grace (2021), aliyeonesha jinsi mafundi na madereva wa Tanzania walivyojijengea utamaduni wao wa magari. Pikipiki inastahili kuwekwa katika mjadala huohuo, kwa kuwa ndiyo chombo cha moto ambacho mwananchi wa kijijini hukipanda mara nyingi zaidi kuliko kingine chochote.

Mguu na sumaku

Pikipiki za mwanzo za Ulaya na Marekani ziliwashwa kwa kukimbia nazo au kwa kuzungusha pedali kama za baiskeli. Karibu na mwaka 1908 Mwingereza Alfred Angas Scott alizifungia pikipiki zake mkono wa kukanyaga, na katika miaka iliyofuata watengenezaji wengine wakauiga. Stata haikuchelewa sana kutokea. Mwaka 1914 kampuni ya Indian ya Marekani iliuza pikipiki yenye stata ya umeme, miaka miwili tu baada ya Cadillac kuingiza kifaa hicho katika magari yake. Jaribio la Indian lilikufa haraka. Mota ilikuwa na uwezo wa kuizungusha injini, lakini betri za wakati ule hazikuweza kustahimili mtikisiko wala kutunza chaji. Tukio hilo la mbali lina umuhimu katika makala haya kwa sababu moja: udhaifu uleule, wa betri na wala si wa mota, ndio utakaoonekana Kahama na Geita karibu karne moja baadaye.

Kiki ilikuwa na mshirika ambaye wasimulizi wengi humsahau, naye ni sumaku. Katika pikipiki nyingi ndogo, sumaku zimefungwa kwenye flaiwili, lile gurudumu zito lililo ubavuni mwa injini. Mguu unapoizungusha injini, sumaku hupita mbele ya koili, umeme ukazaliwa papo hapo, na plagi ikatoa cheche. Mzunguko mzima wa kuwaka unakamilika bila akiba yoyote ya umeme. BSA Bantam ya Uingereza, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1948 kwa kufuata mchoro wa DKW ya Ujerumani, iliuzwa kwa namna mbili: mojawapo ilitegemea betri na nyingine ilijitosheleza kwa sumaku yake. Mnunuzi wa makoloni aliyekuwa mbali na fundi umeme hakuhitaji kufikiri sana ili kuchagua.

Shinyanga ya zama hizo ilikuwa nchi ya pamba, ng'ombe na, tangu mwaka 1940, almasi. John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, alipogundua almasi Mwadui alijenga mji wa mgodi wenye umeme wake, karakana zake na mafundi wake. Geita nako palikuwa na mgodi wa dhahabu tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Sehemu hizo, pamoja na miji michache ya utawala, zilikuwa kama visiwa vya umeme. Nje ya visiwa hivyo mkulima wa pamba alipopata fedha za msimu alinunua baiskeli. Pikipiki ilikuwa chombo cha ofisa, cha mmisionari na cha mtaalamu wa kilimo, mtu mmoja aliyesafiri peke yake akiwa na mfuko wa makaratasi nyuma ya kiti.

Kuizungusha injini kwa mwili, hata hivyo, hakukuwa jambo la pikipiki peke yake. Malori yaliyosomba pamba yaliwashwa kwa hendeli pindi betri iliposhindwa, na mashine za dizeli za kusaga nafaka zilizungushwa kwa hendeli kila siku. Kijana aliyepiga hendeli alijifunza mambo ambayo hayakuandikwa popote: kuzungusha taratibu mpaka aguse ukinzani wa hewa inayobanwa, kisha kuvuta kwa nguvu moja, na kuweka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine ili hendeli ikirudi nyuma isimvunje. Maarifa ya kiki ni ya ukoo huohuo. Anayeijua kiki haikanyagi ovyo. Hufungua petroli, huvuta choki ikiwa injini ni ya baridi, hushusha mkono polepole mpaka uwe mzito mguuni, huurudisha juu, ndipo hushuka nao kwa uzito wa mwili mzima. Injini ikizidiwa petroli hufungua mafuta hadi mwisho na kukanyaga mara kadhaa ili kuikausha. Injini ikiwaka kabla ya wakati, mkono hurudi kwa kishindo na kumpiga muundi, na alama ya pigo hilo ilikuwa ya kawaida miguuni mwa waendesha pikipiki wa zamani. (Neno kiki katika lugha ya mitaani ya leo limepata maana nyingine, ya kituko cha kujitafutia umaarufu, wazee wa pikipiki wangestaajabu kuona umaarufu ukipatikana kwa kukanyaga kidogo hivyo.)

Ardhi nayo ilichangia. Sehemu kubwa ya Shinyanga ni tambarare, na mbuga zake zina udongo mweusi wa mfinyanzi ambao ukinyeshewa hunata kwenye matairi mpaka gurudumu likagoma kuzunguka. Njia ya tatu, ya kusukuma kisha kuachia klachi chombo kikiwa katika gia ya pili, huhitaji mteremko au ardhi kavu. Geita yenye vilima ilikuwa na fursa hiyo. Mbuga za Shinyanga wakati wa masika hazikuwa nayo. Kiki isipokubali mbugani, mtu hubaki palepale.

Baada ya uhuru mpangilio huu haukubadilika haraka, ingawa asili ya vyombo ilihama kutoka Uingereza kwenda Japani. Honda ilikuwa imeifungia stata Super Cub ya C102 mwaka 1960, na tangazo lake kubwa nchini Marekani tangu mwaka 1963 liliwalenga watu ambao hawakuwahi kujiona kuwa waendesha pikipiki. Mwaka 1969 CB750 ilitoka na stata pamoja na kiki, na kufikia miaka ya 1980 pikipiki nyingi kubwa za barabarani huko ughaibuni zilikuwa zimeachana na kiki. Zilizokuja kufanya kazi vijijini Afrika hazikufuata mkondo huo. Yamaha AG100 na DT125, pikipiki ambazo mashirika ya maendeleo na ofisi za serikali ziliwapa watumishi wao, ziliwashwa kwa kiki. Miradi kama Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyoanza mwaka 1986, iliwahitaji watumishi wake wafike kwenye ngitili na vijiji vilivyo mbali na barabara kuu, na namba za usajili zenye herufi DFP zikawa sehemu ya mandhari ya vijijini.

Mintarafu ya kipindi hiki, uchumi uliipa kiki nguvu nyingine. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni vilifanya vipuri viadimike. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na maduka yakaanza kujaa tena. Katika miaka ya kabla ya ruhusa hiyo, betri mpya ilikuwa bidhaa ya kusubiriwa. Gari lililokufa betri lilisukumwa au likaegeshwa. Pikipiki ya sumaku iliendelea na safari. Miradi ilipofungwa na vyombo vyake kuuzwa kwa mnada, pikipiki hizo ziliingia mikononi mwa walimu, wafanyabiashara wa mazao na mafundi, zikaendelea kutumika kwa miaka mingi. Huko Uingereza chama cha wapenzi wa pikipiki kongwe, kilichoanzishwa mwaka 1946, hutunza vyombo kwa ajili ya ukale wake. Shinyanga pikipiki imekuwa kongwe kwa kufanya kazi, na hapana aliyeipangusa vumbi kwa sababu ya umri wake.

Stata inaingia pamoja na abiria

Mabadiliko makubwa yalitoka kwenye injini ambayo haikubuniwa China wala Tanzania. Katikati ya miaka ya 1970 Honda ilitoa CG125, pikipiki iliyokusudiwa nchi ambako chombo hubebeshwa kupita kiasi na hufanyiwa matengenezo kwa kuchelewa. Injini yake ilikuwa rahisi kufungua na yenye kustahimili mafuta machafu. Viwanda vya China viliichukua na kuizalisha kwa majina mengi, na katika muongo wa kwanza wa karne hii matoleo yake yakaingia Tanzania kwa bei ambayo mfanyabiashara mdogo aliweza kuimudu. SanLG na T-Better zilitangulia kujulikana. Boxer na TVS za India zikafuata na kushika soko. Nyingi kati ya hizo zilikuja na kiki na stata kwa pamoja.

Kazi nayo ilikuwa imebadilika. Mjini Shinyanga abiria walikuwa wamezoea kubebwa na baiskeli, ambazo wenyeji waliziita daladala. Kanuni za Leseni za Usafirishaji kwa pikipiki na bajaji za mwaka 2010 ziliitambua rasmi biashara ya kubeba abiria kwa pikipiki, biashara ambayo jina lake la bodaboda lilikuwa limetoka kwenye baiskeli za mpaka wa Busia. Wakati huohuo dhahabu ilikuwa imerudi: mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, wa Bulyanhulu mwaka 2001 na wa Buzwagi mwaka 2009, huku wachimbaji wadogo wakihama kutoka rashi moja hadi nyingine. Rwamgasa, Nyarugusu na Mgusu zilihitaji chombo cha kufikisha mchimbaji, petroli, chakula na viroba vya mawe ya dhahabu kutoka kwenye maduara hadi kwenye makarasha na mialo.

Mwandishi huyu anaona kwamba umuhimu wa mabadiliko haya haujapewa uzito unaostahili. Kiki inamdhania dereva aliye peke yake. Ili kuikanyaga vizuri lazima ausimamishe mguu mmoja chini, autoe mwingine, na kuusawazisha uzito wa chombo kwa mapaja. Bwana shamba mwenye mkoba aliweza. Dereva aliyepakia mama mwenye mtoto na gunia la mpunga, injini ikamzimikia katikati ya barabara yenye malori, hawezi bila kuwashusha wote. Mwenye viroba viwili vya mawe nyuma, akizimikiwa kwenye tope, akiondoa mguu mmoja ardhini chombo humwangukia. Kwa dereva huyo stata ni sehemu ya uwezo wa kubeba mzigo, kama zilivyo shokomzoba, na kuihesabu kuwa anasa ni kuitazama kwa macho ya yule ofisa wa zamani.

Stata iliwafungulia mlango pia watu ambao kiki iliwaweka kando: mwenye goti bovu, mzee, muuguzi aliyevaa sketi ya kazi. Kazi ya bodaboda imebaki ya wanaume kwa sababu nyingi ambazo stata haiwezi kuzitatua. Hata hivyo, miongoni mwa wanawake wanaoendesha pikipiki zao wenyewe kwenda shuleni, zahanati au shambani, kitufe hicho kina maana ambayo hesabu za mauzo haziwezi kuionesha.

Betri ni ya nani?

Hapa ndipo yule mgonjwa wa mwaka 1914 anaporejea. Betri ya bodaboda ni ndogo, ya volti 12 na kwa kawaida ampea-saa kati ya 5 na 9. Kila stata inapobonyezwa huvuta umeme mwingi kwa sekunde chache, na injini huhitaji muda wa kutembea ili kuurudisha. Safari za mjini ni fupi. Dereva huzima injini kila anapofika kijiweni ili kuokoa petroli, na huwasha tena mara nyingi kwa siku. Ongeza redio, taa za urembo na chaji ya simu, na matumizi yanapita mapato. Joto la Kanda ya Ziwa hukausha maji ya betri, na si kila mtu huyajaza kwa maji yaliyosafishwa yanayouzwa dukani. Hivyo betri hufa mapema kuliko mnunuzi alivyotarajia.

Kiki huokoa jahazi. Katika pikipiki zenye asili ya CG cheche ya plagi hutoka kwenye koili ya sumaku bila kupitia betri, kwa hiyo chombo chenye betri iliyokufa huwaka kwa kiki na kutembea kutwa nzima. Taa ya mbele nayo aghalabu hulishwa na koili, ikipanda na kushuka kwa kadiri ya mwendo wa injini. Vitu vinavyopotea ni vile vinavyotegemea betri moja kwa moja: stata yenyewe, honi, indiketa, na mara nyingi taa ya breki. Dereva aliye kijiweni hulalamikia stata. Walio nyuma yake usiku katika barabara ya Kahama kwenda Kakola wana haki ya kulalamikia taa ya breki.

Kwa nini basi betri isinunuliwe? Jibu limo katika namna chombo kinavyomilikiwa. Madereva wengi hufanya kazi kwa hesabu: humpelekea mmiliki kiasi kilichopangwa kila siku, na kinachobaki baada ya petroli ni chao. Katika mpango huo matengenezo makubwa ya injini huwa ya mmiliki, ilhali pancha na vitu vidogo humwangukia dereva. Betri iko katikati. Mmiliki huona kwamba chombo kinatembea na hesabu inakuja, kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Dereva huona kwamba hawezi kutoa fedha za siku kadhaa kununua kitu ambacho kitabaki kwenye chombo siku atakaponyang'anywa. Kila mmoja ana hoja, na betri hubaki imekufa. Chini ya mkataba, ambapo dereva hulipa kwa miezi mingi mpaka chombo kiwe chake, hesabu hubadilika: gharama zote ni zake, lakini na faida ya kukitunza ni yake. Yeye ana sababu ya kununua betri ambayo mwenzake wa hesabu hana.

Kwa mtazamo huu kiki ina nyuso mbili. Kwa upande mmoja ni dhamana ya dereva. Hakuna duka, umeme wala mkopo unaohitajika ili mguu wake ufanye kazi. Wakala wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005, umefikisha nyaya katika vijiji vingi, lakini kambi ya rashi iliyozuka mwezi uliopita haimo katika ramani ya nyaya hizo. Kwa upande wa pili kiki ndiyo inayomwezesha mmiliki kutolipia betri. Kama chombo kingegoma kuwaka bila betri, ingenunuliwa siku hiyohiyo na honi na taa vingerudi pamoja nayo. Gharama aliyookoa mmiliki huhamia kwenye goti la dereva na kwenye usalama wa abiria. Kiki zenyewe hulisimulia jambo hilo: meno ya mhimili huliwa kwa kukanyagwa kuliko ilivyokusudiwa, mkono ukaanza kuteleza, na fundi akauchomelea moja kwa moja kwenye mhimili ili mambo yaendelee. Mtafiti anayezuru karakana za Kahama au Katoro angefaa kuyatazama maungo hayo kama anavyotazama nyaraka za kumbukumbu, kwa kuwa kila uchomeleaji unaonesha mahali ambapo fedha haikutoka.

Pikipiki zinazosukuma petroli kwa mfumo wa kielektroniki badala ya kabureta zinapunguza nafasi ya kiki, kwani pampu na kompyuta zake huhitaji betri hai kabla ya injini kuzunguka. Pikipiki za umeme zimeifuta kabisa, na pamoja nayo stata: hakuna injini ya kuamshwa. Swali la betri limebaki, tena limekuwa zito zaidi. Katika utaratibu ambao kampuni ya Ampersand ilianza kuuendesha Kigali na baadaye Nairobi, dereva anaweza kuimiliki pikipiki, lakini betri hubaki mali ya kampuni, naye huibadilisha kwa malipo kila chaji inapoisha. Ukanda wa Shinyanga na Geita utakapopokea vyombo hivyo kwa wingi, utavipokea ukiwa na uzoefu wake wa muda mrefu wa kugombea nani ailipie betri, na safari hii dereva hatakuwa na mkono wa chuma wa kukanyaga wakati majadiliano yakiendelea.